Nyufa Zenye Tarehe: Kwa Treni Kutoka Tabora Hadi Kigoma

Jumatatu, Tabora

Tabora imekaa juu ya mwamba mkongwe. Wanajiolojia wanauita kratoni ya Tanzania, bonge la ganda la dunia lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, gumu kiasi kwamba Bonde la Ufa lilipolifikia lilishindwa kulipasua, likazunguka. Mkono mmoja umepita mashariki, kwenye Natron na Manyara. Mwingine umepita magharibi ukaacha maziwa marefu membamba: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Katikati bonge limebaki zima, na Unyamwezi uko juu yake.

Nafundisha jiografia sekondari. Kwa miaka mingi nimewasikia wanasiasa, wahubiri, watangazaji wa redio na wanafunzi wangu wakiazima maneno ya somo langu kuieleza nchi. Chama kimepasuka. Jamii ina matabaka. Matokeo ya kura yameleta tetemeko. Likizo hii nimeamua kuifuata reli ya kati kutoka kwenye mwamba mzima hadi ukingoni mwa ufa wenyewe, kwa sababu nina wasiwasi na jinsi tunavyoyatumia maneno hayo. Mtu akishasema mpasuko fulani ni wa tangu enzi na enzi, amekwisha kuamua kwamba hakuna aliyeuleta na hakuna anayedaiwa kuuziba.

Asubuhi nimekunywa chai karibu na stesheni. Mama muuzaji amenisalimu "Mwangaluka" kabla hajajua nimetoka wapi, akaniwekea na michembe kwenye kisahani. Nimemwambia nakwenda Kigoma kulitazama ziwa. Amesema, "Mwanangu, ziwa lina nini cha kutazama? Nunua mawese urudi nayo."

Mchana nimeutumia kuufikiria mkutano mkuu wa TANU uliofanyika katika mji huu Januari 1958. Wenyeji wenye umri mkubwa bado wanauita mkutano wa kura tatu. Sheria ya uchaguzi ya mkoloni ilikuwa imewapanga watu kwa rangi. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mhindi, kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alitakiwa kuchagua wote watatu. Kupata haki yenyewe ya kupiga kura kulitaka elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Kwa jicho la jiolojia, hayo ni matabaka matatu yaliyolazwa kwa makusudi, tena yakapewa unene sawa ilhali watu wake hawakukaribiana kwa idadi hata kidogo.

Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka uchaguzi ususiwe. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake, African National Congress. Basi TANU ikaingia kwenye uchaguzi, na ile sheria ikageuka dhidi ya kazi iliyotungiwa: mgombea wa Kizungu au wa Kihindi hakuweza kushinda bila kura za Waafrika, hivyo walioungwa mkono na TANU wakashinda wao. UTP, chama kilichobebwa na Gavana Twining, hakikuambulia kitu. Ilipofika Desemba 1961 nchi ilikuwa huru na mpango wa kura tatu umekwisha kazi.

Nimeutaja mkutano huu kwanza kwa sababu ndio ulionifanya nianzie safari Tabora. Tabaka la mwamba hulala mamilioni ya miaka. Matabaka yale ya rangi yaliandikwa kwa kalamu, yakapigwa muhuri, na yakaondoka ndani ya miaka michache baada ya watu kukaa chumba kimoja wakabishana.

Kabla ya kurudi stesheni nimepita nje ya Shule ya Tabora. Waingereza waliianzisha kufundisha hasa watoto wa machifu. Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937.

Jumanne, ndani ya treni

Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tunaondoka jioni. Behewa limejaa magunia ya karanga, madumu ya asali, watoto waliolala mapajani mwa mama zao.

Tumepita Urambo giza limeshaingia. Hii ndiyo nchi ya Mirambo, mtemi aliyepigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe, Wanyamwezi wenzake, kuanzia 1871, hata njia ya misafara kwenda Ujiji ikafungika. Wanafunzi huniuliza kwa nini walipigana watu wa lugha moja, na nikiwa juu ya reli hii naliona jibu waziwazi. Ardhi iliyo chini yao ni nzima kuliko karibu ardhi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Kilichowagawa kilikuwa pembe za ndovu, ushuru wa misafara na nani ana haki ya kuutoza. Mwamba mzima haukuwazuia kugombana. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuniambia kwamba watu fulani wametengana kwa asili ya mahali walipozaliwa, namwomba aanzie Urambo.

Baada ya Kaliua, reli ya Mpanda inapochepuka kusini, nimeanza mazungumzo na kijana aliyekaa mbele yangu. Ni mtu wa Ujiji, anauza vifaa vya simu. Alikuwa anarudi kufuatilia karatasi zake za uraia katika ofisi ambayo sitaitaja. Amenisimulia bila kupandisha sauti.

"Mwalimu, nimeulizwa jina la babu mzaa baba, nikalitaja. Nikaulizwa kazikwa wapi, nikasema kazikwa Ujiji. Nikaulizwa bibi katoka wapi, nikasema Manyovu. Hapo ndipo pakaharibika. Nikaambiwa mbona Manyovu ni mpakani, na mbona jina lako ni la ng'ambo."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema jina nimepewa na bibi. Kaka mmoja wa mkoa mwingine aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alihudumiwa akaondoka, mimi bado nimesimama."

Mama aliyekuwa pembeni akapokea: "Sisi watu wa Kigoma tumezoea, mwanangu." Yule kijana akamgeukia kwa heshima: "Mama, shikamoo, lakini mimi sitaki kuzoea."

Nimelala nikiifikiria sentensi hiyo.

Jumatano, Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Kumepambazuka tukiwa katika nchi ya Malagarasi. Mto huu ni wa kuheshimiwa. Ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe. Kabla ardhi haijazama, wataalamu wanaamini uliendelea moja kwa moja magharibi na kuingia katika mito ya Kongo. Kisha ufa ukafunguka katikati ya njia yake, maji yakajaa, na mto ukakatwa. Ushahidi mmojawapo ni samaki: Malagarasi ina aina ambazo ziwani hazipo, ila ukivuka ziwa na kuingia Kongo unazikuta. Jamaa waliotenganishwa, kila upande umebaki na ukoo uleule.

Kijana wa Ujiji alikuwa dirishani nami. Nimemweleza habari za samaki hao, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi na wao waulizwe babu yao kazikwa wapi."

Hapa inabidi niandike kuhusu mpaka, maana ndio ulioleta maswali aliyoulizwa. Waha na Warundi ni majirani wa karibu sana kwa lugha, Kiha na Kirundi vinasikilizana. Wote walikuwa ndani ya koloni moja la Kijerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalivuka ziwa na kushuka kutoka kaskazini, yakaingia Kigoma na baadaye Tabora. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakakaa wakagawana. Rwanda na Urundi kwa Ubelgiji, sehemu kubwa iliyobaki ikawa Tanganyika chini ya Uingereza. Buha, nchi ya Waha, ikaangukia huku. Mwaka 1921 Ubelgiji ikapewa hata eneo lake hapa bandarini Kigoma, kwa kodi ya jina tu, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Mstari ule haukufuata ziwa, na wala haukufuata lugha. Ulifuata mazungumzo ya watu wa Ulaya. Leo kijana aliyezaliwa miongo mingi baadaye anaambiwa jina lake ni la ng'ambo, na ng'ambo hiyo ina umri wa karne moja na kidogo.

Uvinza tumesimama. Wachuuzi wamekimbilia madirishani na chumvi, mifuko kwa mifuko. Chumvi ya Uvinza ilitengenezwa na kusafirishwa karne nyingi kabla ya reli, hata kabla ya misafara ya pwani. Maji ya chumvi yanapanda kutoka chini kupitia nyufa za miamba, watu wanayachemsha, chumvi inabaki. Nimenunua mfuko na kuionja papo hapo: punje ni kubwa, kali kuliko ya dukani. Zamani walikuja hapa watu wa makabila mengi kuchemsha chumvi, wakalipa ushuru kwa watawala wa Uvinza, wakarudi makwao. Huu ni ufa uliowakusanya watu.

Kuanzia hapo treni inateremka. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, uso wa ziwa uko karibu mita 770. Mlima wa Kongo umeonekana kwanza, kama ukungu wa buluu. Stesheni ya Kigoma, lile jengo la Kijerumani, iko mwisho wa reli na mwisho wa nchi kavu.

Alhamisi, Kigoma

Nimeamka mapema nikapanda upande wa Bangwe kulitazama ziwa. Urefu wake ni karibu kilomita 670, upana kilomita 50 hivi, kina chake cha mwisho mita 1,470. Sakafu yake iko mamia ya mita chini ya usawa wa bahari. Limegawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Wengi tunaufikiria ufa kama nchi iliyochanwa katikati, kuta mbili zinazotazamana kwa usawa. Ziwa Tanganyika halikuumbwa hivyo. Ganda lilipovutwa, kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka, kila sehemu ya bonde ilikatika upande mmoja tu. Upande huo ukawa ngema, genge linaloshuka wima hadi kwenye maji marefu. Upande wa pili uliinama tu, ukalala taratibu. Anayeishi kwenye mteremko mpole anaweza kuishi maisha yake yote asijue kwamba amesimama kwenye bonde lilelile. Tena mambo hubadilika: ukienda kaskazini kusini kwa urefu wa ziwa, ngema huhama. Sehemu moja iko upande wa Kongo, sehemu inayofuata iko upande wetu.

Hili ndilo nililotaka nije nilione, na limenisaidia kuelewa yaliyosemwa ndani ya behewa. Foleni ilikuwa moja, dirisha moja, karatasi zilezile. Kwa kaka wa mkoa mwingine palikuwa mteremko. Kwa kijana wa Ujiji palikuwa ngema. Ndiyo maana mtu wa Dodoma au Morogoro akiambiwa kwamba watu wa Kigoma wanateswa na maswali ya uraia hujibu kwa moyo safi kabisa, "Mbona mimi sijaulizwa?" Anasema kweli. Ameinama taratibu, hajakatika. Na ukali wenyewe huhama. Historia ya siasa zetu imejaa watu waliokaa upande mpole mwaka huu, miaka michache baadaye wakajikuta ukingoni, wanalia kwamba sheria ni kali, sheria ambayo waliipigia makofi ilipowakata wengine.

Jioni niliteremka Kibirizi. Mwezi unakaribia kujaa, kwa hiyo vipe vingi, boti za uvuvi, vimepandishwa ufukweni. Dagaa huvuliwa kwa mwanga wakati wa giza, zamani kwa karabai, sasa kwa taa za sola, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki. Mama mmoja alikuwa anageuza mzigo wa mwisho juu ya chanja. Nilimtazama kwa muda mrefu. Anapitisha kiganja chini ya dagaa, anawapindua kama gramu mia kwa mara moja, kisha vidole viwili vinarudi kuokota walioshikana, anawatenganisha kwa kupuliza. Aliyevunjika kichwa anamtupa pembeni, kwa bata.

Nilimwuliza kuhusu ziwa kufungwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. "Baba, samaki lazima wapumzike, sikatai," alisema. "Ila mwenye duka alipumzika na samaki. Mimi mwenye chanja nilikopa."

Ngema na mteremko tena, ufukwe mmoja.

Kuna jambo lingine la ziwa hili nalitaja kwa wasomaji wasiolijua. Maji yake hayachanganyiki hadi chini. Tabaka la juu lina joto na hewa. Chini, baada ya mita mia moja au mia mbili hivi kutegemea na mahali, hewa ya oksijeni inakwisha, na huko chini ndiko rutuba iliyozama miaka mingi imelala. Wakati wa kiangazi pepo za kusini husukuma maji ya juu, mpaka wa matabaka unainama, na sehemu ya rutuba ile inapanda. Vijimea vidogo vinaongezeka, dagaa wanakula, migebuka wanakula dagaa, Kigoma inakula wote. Watafiti wameonyesha kwamba joto la dunia linafanya matabaka yashikilie zaidi, upepo unashindwa kuyachanganya kama zamani, na ziwa linapungua uzalishaji.

Nasema hivi kama mwalimu. Miaka ya nyuma mtoto wa Kigoma alipangiwa shule Songea, wa Mtwara akapelekwa Tabora, wakalala bweni moja, na Jeshi la Kujenga Taifa likawachanganya tena. Siku hizi wenye uwezo wanasoma shule za kulipia tangu chekechea hadi mwisho na wasio na uwezo wanasoma ya kata, na wote wawili wanaweza kufika miaka 25 hawajawahi kukaa dawati moja. Rutuba iko chini na haipandi. Sidhani kama kuna sera nyingine ya nchi hii inayonisumbua kama hiyo.

Ijumaa, Ujiji

Bajaji kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, hadi Ujiji. Nimepita kwenye makumbusho ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, nimekaa kidogo chini ya miembe, nimeondoka. Habari za wale wawili zimesimuliwa vya kutosha. Ujiji ninaoutaka ni wa misafara ya watumwa waliovushwa kutoka Kongo na kutembezwa hadi pwani, na wa wajukuu wa waliobaki, ambao leo ni Waswahili wa Ujiji na hawana kabila la kuulizwa kirahisi.

Kijana wa treni alikuwa amenielekeza kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, jirani wa marehemu babu yake. Nimemkuta barazani baada ya swala ya Ijumaa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umekuja kuangalia nyufa, nimeambiwa."

Nimemweleza mawazo yangu yote, ngema, mteremko, samaki wa Malagarasi. Amesikiliza hadi mwisho. Kisha amenikumbusha tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, la ukubwa wa 6.8, lililoanzia chini ya ziwa na kuua watu upande wa Kongo. Anasema alitoka nje mbio na ukuta wa jikoni ukawa umefunguka kutoka dirishani hadi chini. Na hapohapo akanirudisha kwenye Machi 1995, siku Mwalimu Nyerere alipozungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam kuhusu nyufa za taifa. Alizitaja: Muungano, kuendesha nchi bila kujali sheria, rushwa, ukabila, udini. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe.

"Sasa ninyi vijana mnaokumbuka hotuba ile mnakumbuka neno nyufa tu," mzee akasema. "Mwalimu hakusema nyufa za ardhi. Alisema za nyumba. Tetemeko linatikisa, nyumba inaonyesha palipojengwa vibaya. Ukuta wangu wa jikoni ulipasuka kwa sababu fundi alipunja saruji. Wa jirani haukupasuka. Tetemeko lilikuwa moja."

Nilijaribu kubisha. Nilisema ufa wa ardhi nao una mafunzo, kwamba Bonde la Ufa la magharibi limefuata kingo za zamani sana ambako ganda lilikwisha kukunjwa na kuunganishwa kabla, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kwa hiyo palipowahi kuwa na udhaifu ndipo panapofunguka tena. Mtu anayetaka kuigawa nchi leo hatafuti mahali papya, anatafuta mshono wa zamani: dini, kabila, rangi, Bara na Visiwani. Mzee alikubali hilo moja kwa moja. "Hiyo ni kweli. Wafundishe hivyo. Lakini ukimaliza, waulize nani kashika patasi."

Tumekula pamoja ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese. Njia nzima ya kurudi Mwanga bendera za CCM na za ACT-Wazalendo zimepepea kwenye nguzo za vibanda vilivyopakana. Vibanda viwili vinauziana vocha.

Jumamosi, Manyovu

Gari ya asubuhi, barabara inapanda milimani, baridi imeanza kuuma. Migomba, maharage, kahawa. Manyovu ni mpakani na Burundi, na sokoni ukifumba macho huwezi kujua nani katoka upande gani. Wanasalimiana "Amahoro", wanapimiana maharage kwa kopo moja.

Nilikuja hapa kwa sababu ya bibi wa yule kijana, lakini nimejikuta nikiwafikiria wengine. Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbia mauaji na kuingia Tanzania. Serikali iliwapa makazi Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wimbi lingine likaja. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Burundi ilipolipuka tena kwa sababu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoingia majini 1915, ikafanya kazi ya kuwaleta Kigoma.

Utawala wa Wabelgiji uliwaandika Wahutu na Watutsi kwenye karatasi kama aina mbili za mawe, na siasa zilizofuata zikajenga juu ya maandishi hayo. Wengi waliouawa waliuawa na watu wanaozungumza nao lugha moja, dini moja, kilima kimoja. Kama kuna mahali ambapo kuuita mgawanyiko "wa asili" kumeua watu, ni kilomita chache kutoka niliposimama leo. Kwa hiyo sitaki tena mwanafunzi wangu aandike kwenye mtihani kwamba makabila fulani yana uadui wa asili. Nitamkata alama na nitamweleza kwa nini.

Na upande wa pili wa hesabu upo. Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wale wa 1972, zaidi ya 160,000, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Watu waliokuwa wageni kwa miaka 40 na zaidi wakawa Watanzania kwa uamuzi na sahihi. Nchi iliyoweza jambo hilo inaweza kumaliza jambo la kijana aliyezaliwa Ujiji.

Jumapili, Kigoma

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa chumbani nikipanga daftari la kidato cha tatu, mada ya Bonde la Ufa, na nimeongeza vipindi viwili: kimoja cha mstari wa 1919, kimoja cha kura tatu. Mkuu wa somo anaweza kulalamika kwamba ni historia. Nitamjibu.

Mchana kijana wa Ujiji alinipigia simu. Ameambiwa alete wazee wawili wanaowafahamu babu na bibi yake, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Mzee mstaafu amesema atakwenda mwenyewe Jumanne, na amekwisha kuzungumza na rafiki yake mmoja wa Kibirizi aliyesoma darasa moja na baba wa kijana. Barua ya mtaa bado. Mwenyekiti alisafiri Kasulu msibani, anategemewa kesho jioni, na kijana atamsubiri stendi.